Kupima uchafuzi wa mto kwa mwani: kutoka jiwe la mtoni hadi alama ya IPS

Chupa ya maji uliyoteka saa nne asubuhi inakueleza hali ya mto saa nne asubuhi, basi. Kiwanda kikifungulia maji taka yake usiku wa manane, chupa hiyo haina habari. Mwani ulioota juu ya jiwe hauna pa kukimbilia. Umekaa ndani ya maji yaleyale kwa wiki kadhaa, aina zisizovumilia uchafu zimekufa, na zinazovumilia zimeshika nafasi. Kazi yako ni kuzitambua zilizobaki na kuzihesabu.

Njia ni mbili. Ya kwanza ni ya Palmer, mtaalamu wa mwani: inahitaji hadubini ya kawaida inayokuza mara 400, na jibu la awali unalipata siku hiyohiyo. Ya pili ni ya diatomu, yaani mwani wenye seli moja na ganda la silika. Hii inataka kemikali, lenzi ya mafuta inayokuza mara 1000, na macho yaliyozoea, na mwisho wake ni IPS, alama ya 1 hadi 20 inayopanda kadiri mto unavyokuwa safi. Anza na ya kwanza hata kama maabara yako ina kila kitu, kwa sababu diatomu zikishasafishwa huwezi tena kujua ipi ilikuwa hai.

Makosa mengi katika kazi hii hufanyika mtoni. Sampuli iliyotoka kwenye jiwe baya itakupa hesabu safi ya kitu kisichokuwapo.

Kuchagua vituo

Chukua mfano wa Mto Nairobi, unaotoka upande wa bwawa la Ondiri huko Kikuyu, ukapita katikati ya jiji, kisha pembeni mwa dampo la Dandora, ukielekea kuungana na Athi. Ukilinganisha kituo cha Kikuyu na cha Dandora peke yake, tofauti utakayoona haitokani na uchafu tu. Kivuli, mwendo wa maji, joto na ukubwa wa mto vyote vimebadilika. Kama swali lako ni kuhusu bomba fulani au mfereji fulani, weka kituo kimoja juu yake na kimoja chini yake, vyenye mwanga, kina na mwendo wa maji unaofanana. Kituo cha tatu, cha mbali upande wa juu penye uchafu mdogo, ni cha kukuonyesha mto huo ungekuwaje.

Kituo cha chini kisiwe mdomoni mwa bomba. Maji taka hutembea yakiwa yamegandamana na ukingo mmoja kwa umbali mrefu kabla hayajachanganyika. Pima uwezo wa maji kupitisha umeme kwenye ukingo wa kushoto, katikati na ukingo wa kulia. Soma hivyo kila baada ya mita kadhaa ukishuka. Pale namba tatu zinapokaribiana ndipo pa kuweka kituo.

Epuka chini ya daraja kwa sababu ya kivuli, epuka pale watu wanapofulia au kuoshea pikipiki, na usishuke hadi sehemu inayofikiwa na maji ya bahari. Hili la mwisho ni muhimu kwa Mto Msimbazi wa Dar es Salaam: ukikaribia mdomo wake utakuta diatomu za maji ya chumvi, na majedwali ya alama, yaliyotungwa kwa mito, yatazisoma vibaya.

Wakati

Mafuriko huparuza mawe. Baada ya mvua kubwa subiri wiki nne; ukishindwa kabisa, zisipungue mbili. Kwa sehemu zenye masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba, miezi salama ni Januari na Februari, au Julai hadi Septemba. Chukua vituo vyote ndani ya siku moja au mbili. Kituo cha juu kabla ya mvua na cha chini baada ya mvua havilinganishiki hata kwa dua.

Vifaa vya mtoni

- Mswaki mpya kwa kila kituo. Usisuuze na kurudia: nywele za mswaki hushika diatomu nyingi, na zitahamia kituo kinachofuata.
- Beseni jeupe la plastiki.
- Chupa za mililita 100 zenye vifuniko visivyovuja, mbili kwa kila kituo.
- Kipimo cha pH, joto na upitishaji umeme. Cha oksijeni kama kipo.
- Iodini ya Lugol na pombe ya ethanoli ya asilimia 70.
- Kalamu ya risasi na vipande vya karatasi ngumu.
- Mabuti ya mpira, glavu ndefu, sabuni na maji safi.

Glavu na mabuti si mapambo. Kwenye mito ya mjini kuna vioo na sindano, kuna kichocho, na kuna homa ya mgunda inayobebwa na mkojo wa panya. Mwenye kidonda mkononi abaki ukingoni aandike kumbukumbu.

Kuchukua sampuli

Tafuta sehemu maji yanapokimbia juu ya mawe. Unataka mawe yenye upana wa sentimita 6 hadi 25: madogo kuliko hayo hubingirika, makubwa huwezi kuyainua. Chagua kati ya 5 na 10 kutoka sehemu mbalimbali za kituo, yote yakiwa yamezama kwa wiki nne zilizopita. Ukiona mstari wa ukavu kwenye ukingo, mawe yaliyo karibu na mstari huo yaache.

1. Inua jiwe taratibu ukiukabili mkondo, kisha lisuuze mtoni kwa kulitikisa mara moja au mbili ili tope lililotua juu liondoke. Mwani unaoteleza utabaki umeshika.
2. Likiwa limebeba nyuzi ndefu za kijani, zitoe kwa mkono na uandike kwamba zilikuwapo. Jiwe lililofunikwa na nyuzi kabisa liache.
3. Weka beseni lenye mililita 50 hadi 100 za maji ya mto. Sugua upande wa juu wa jiwe tu, kwa nguvu, huku ukichovya mswaki kwenye beseni. Upande wa chini hauoni mwanga, na tope lake lina magamba ya diatomu zilizokufa zamani.
4. Rudia kwa mawe yote ndani ya beseni lilelile. Maji yawe na rangi ya kahawia au kijani kilichokolea. Yakibaki meupe, ongeza mawe.
5. Koroga, gawa kwenye chupa mbili. Ya kwanza acha bila dawa ya kuhifadhi, iweke kwenye boksi lenye barafu gizani, na uitazame ndani ya saa 24. Ya pili itie dawa papo hapo.

Kwa dawa, mililita 70 za sampuli na mililita 30 za ethanoli ya asilimia 70 hukupa mchanganyiko wa asilimia 21, unaotosha kuhifadhi diatomu. Ukitumia iodini ya Lugol badala yake, itie tone kwa tone hadi rangi ifanane na chai ya rangi. Hutengenezwa kwa gramu 20 za potasiamu ayodaidi na gramu 10 za iodini katika mililita 200 za maji yaliyotoneshwa, pamoja na mililita 20 za asidi kali ya asetiki. Iodini hupauka kwenye mwanga, kwa hiyo chupa ikae kabatini na uikague kila mwezi. Ikibadilika kuwa nyeupe, mwani utaanza kuoza.

Andika jina la kituo, tarehe na aina ya kitu ulichosugua kwa kalamu ya risasi, kisha tumbukiza karatasi hiyo ndani ya chupa. Wino wa kalamu za kawaida hufutwa na ethanoli, na chupa nne zisizo na majina ni safari iliyopotea.

Kama hakuna mawe, kama ilivyo kwenye sehemu nyingi za mchanga za Msimbazi, tumia mashina ya matete yaliyozama: kata vipande vitano au sita vya sentimita 10 na uvisugue vivyo hivyo. Au ning'iniza vigae visivyong'aa kwa wiki nne, ukijua kwamba baadhi vitaibwa au kuchukuliwa na maji, kwa hiyo weka vingi. Zege jipya halifai kwa sababu chokaa yake hubadilisha maji yanayoligusa. Kilicho muhimu kuliko vyote: ukianza na mawe, malizia na mawe. Jiwe kituo cha juu na tete kituo cha chini ni sampuli mbili zisizosemezana.

Macho kabla ya hadubini

Kabla hujaondoka, tazama mto. Nyuzi ndefu za Cladophora zinazoyumba na mkondo huashiria virutubisho vingi, hasa fosforasi. Utando wa bluu-kijani iliyokolea unaonuka udongo ni mwani wa jamii ya Oscillatoria na Phormidium. Manyoya ya kijivu yanayofanana na pamba chafu si mwani hata kidogo: ni bakteria aina ya Sphaerotilus na wenzao, na ukiwaona ujue maji taka mabichi yanaingia karibu. Mawe yaliyo wazi kabisa mahali penye jua ndiyo ya kuogopwa zaidi. Wageni wa kazi hii huyaandika kuwa "mto safi", kumbe huenda ni sumu.

Njia ya Palmer

Mwaka 1969 C. M. Palmer alikusanya taarifa za waandishi 165 na kupanga jenasi 20 za mwani (jenasi ni kundi la spishi zinazokaribiana) kwa kadiri zinavyovumilia uchafu wa kikaboni, yaani kinyesi, damu ya machinjio, mabaki ya vyakula na kadhalika. Kila jenasi ina alama yake:

- Alama 5: Euglena, Oscillatoria
- Alama 4: Chlamydomonas, Scenedesmus
- Alama 3: Chlorella, Navicula, Nitzschia
- Alama 2: Ankistrodesmus, Phacus, Stigeoclonium, Synedra
- Alama 1: Anacystis, Closterium, Cyclotella, Gomphonema, Lepocinclis, Melosira, Micractinium, Pandorina, Phormidium

Majina mengine yamebadilika tangu hapo. Synedra nyingi leo huitwa Ulnaria, na Scenedesmus zenye miiba huitwa Desmodesmus. Kwa hesabu hii fuata majina ya zamani.

Tumia chupa isiyotiwa dawa. Tone moja kwenye slaidi, kioo cha kufunikia juu yake, kuza mara 100 kwanza kisha 400. Euglena utaijua kwa kujinyonganyonga na doa jekundu la jicho. Ukiitia iodini hujikunyata ikafanana na chochote. Oscillatoria ni uzi usio na matawi unaoteleza wenyewe. Scenedesmus ni seli nne, wakati mwingine mbili au nane, zilizopangwa ubavu kwa ubavu. Chlamydomonas ni duara dogo linalokimbia. Kuhusu Chlorella, kuwa mgumu: kila kijiduara cha kijani anayeanza hukiita Chlorella, na alama tatu huingia bila haki.

Kwa maji yaliyotekwa, Palmer alihesabu jenasi kuwa ipo ikifika seli 50 kwa mililita. Sampuli ya kusugua haina kipimo hicho, kwa hiyo weka sharti lako, kwa mfano jenasi ionekane angalau mara tano katika maeneo 20 ya kutazama (eneo ni duara unaloliona ndani ya hadubini), na usilibadilishe kati ya kituo na kituo. Jumlisha alama. Ukifika 20 au zaidi, uchafu wa kikaboni ni mkubwa. 15 hadi 19, yaelekea upo. Kituo chenye Euglena, Oscillatoria, Scenedesmus, Chlorella, Nitzschia na Navicula kinapata 5+5+4+3+3+3, yaani 23.

Udhaifu wake uko wazi. Nitzschia na Navicula zina spishi nyingi, nyingine za maji safi, na karibu kila mto utakupa hizo alama sita bure. Ndiyo sababu tunaendelea na diatomu hadi ngazi ya spishi.

Kusafisha diatomu

Kwanza, katika chupa ileile isiyotiwa dawa, hesabu diatomu 100 na uangalie ngapi zina rangi ya kahawia-dhahabu ndani. Zisizo na rangi zimekufa. Zikizidi nusu, sampuli hiyo ni mabaki yaliyosombwa kutoka juu, rudi mtoni.

Kisha chukua chupa yenye dawa. Hapa pana hatari ya kweli: ethanoli ikikutana na haidrojeni peroksaidi ya moto huweza kulipuka. Acha sampuli itulie, mwaga maji ya juu, jaza maji yaliyotoneshwa, rudia mara tatu. Ndipo uendelee.

1. Weka mililita 5 hadi 10 za sampuli nzito kwenye bika ya mililita 250. Ukubwa huo ni wa makusudi, maana itapanda povu.
2. Ndani ya kabati la kutolea moshi, ukiwa na miwani na glavu, ongeza mililita 20 za peroksaidi ya asilimia 30, kidogo kidogo. Tope la mto mchafu hulipuka kwa povu. Ukimimina yote kwa pamoja utaikuta sampuli mezani.
3. Povu likitulia, pasha kwenye nyuzi 90 kwa saa moja hadi tatu, mpaka kilichobaki kiwe cheupe au kijivu. Kikiwa bado kahawia, ongeza peroksaidi.
4. Acha ipoe, tia matone machache ya asidi hafifu ya haidrokloriki ili kuondoa chokaa.
5. Suuza. Diatomu huchukua kama saa moja kushuka sentimita moja, kwa hiyo bika yenye kina cha sentimita 10 iache usiku kucha. Nyonya maji ya juu bila kutikisa, jaza tena. Mara nne au tano, hadi pH irudi kuwa ya kawaida.

Maji ya bomba hayafai kusuuzia. Chumvi zake hukauka zikawa fuwele juu ya kioo. Maji ya betri yanayouzwa vituo vya mafuta hufaa, ila soma chupa vizuri, kwa maana kwenye rafu hiyohiyo huuzwa asidi ya betri.

Kutengeneza slaidi

Punguza makali ya sampuli mpaka maji yawe na ukungu mdogo tu. Dondosha kwenye kioo cha kufunikia, acha kikauke chenyewe bila moto. Ukikausha kwa haraka magamba hukusanyika pembeni. Angalia: kwa kukuza mara 1000 unataka magamba kama 10 katika eneo moja. Yakipandana, punguza tena.

Gundi ya kubandikia lazima iwe inayopinda mwanga sana, kama Naphrax au Pleurax. Silika ya diatomu hupinda mwanga kwa kipimo cha takriban 1.43, na gundi hizi zimezidi 1.7, ndiyo maana mistari ya ganda huonekana. Ukitumia gundi ya kawaida ya slaidi, iliyo karibu na 1.5, ganda hufifia na Nitzschia zote zitafanana. Weka tone la gundi kwenye slaidi, geuza kioo kidogo juu yake, pasha hadi mapovu yaishe, bonyeza taratibu, acha ipoe. Mvuke wake ni mbaya kwa mapafu. Kazi hii nayo ifanyike ndani ya kabati la kutolea moshi.

Kuhesabu na kupata alama

Hesabu magamba 400 (gamba ni nusu moja ya ganda) kwa lenzi ya mafuta, ukifuata mstari mmoja wa slaidi kutoka upande hadi upande bila kuchagua. Diatomu nzima ina magamba mawili, ihesabu mbili. Kipande kihesabiwe iwapo tu robo tatu ya gamba au zaidi ipo.

Nitzschia palea, Gomphonema parvulum, Nitzschia umbonata na vidogo kama Mayamaea permitis vikijaa, mto umechafuka. Achnanthidium minutissimum kwa kawaida huashiria maji mazuri, lakini usiishangilie haraka. Huwa pia ya kwanza kurudi jiwe likiparuzwa na mafuriko, na huvumilia metali. Angalia kama kuna magamba yaliyopinda au yenye mistari iliyovurugika. Yakizidi asilimia 1, shuku metali na upeleke maji kupimwa.

Kipimo kinachotumika zaidi ni IPS cha Kifaransa. Kila spishi ina namba ya unyeti (s) kuanzia 1 hadi 5, na namba ya uzito wa ushahidi wake (v) kuanzia 1 hadi 3. Programu ya kompyuta ya OMNIDIA ina namba hizo. Zidisha idadi ya magamba kwa s na v, jumlisha. Gawanya kwa jumla ya idadi mara v. Jibu lizidishe kwa 4.75 kisha utoe 3.75, upate alama kati ya 1 na 20.

Kwa namba za mfano: spishi A magamba 240 (s 1, v 3), B 100 (s 2, v 1), C 60 (s 5, v 1). Namba ya kugawanywa: 720 + 200 + 300 = 1,220. Kigawanyo: 720 + 100 + 60 = 880. Mgao ni 1.39, na alama ni 2.8. Huo ni mto mchafu sana. Angalia jinsi spishi A ilivyovuta alama chini: si kwa wingi wake tu, bali kwa v yake kubwa.

Mgawanyo mmoja wa madaraja ni huu: zaidi ya 17 safi sana, 13 hadi 17 nzuri, 9 hadi 13 wastani, 5 hadi 9 mbaya, chini ya 5 mbaya sana. Wengine huweka mipaka ya juu zaidi, 15, 12 na 9, kwa hiyo taja ni ipi uliyotumia. Taja pia asilimia ya magamba yaliyokuwa na namba za s na v. Majedwali hayo yalitengenezwa kwa mito ya Ulaya, na spishi zetu nyingine hazimo. Kama robo ya hesabu yako imeachwa nje, usiisimamie alama hiyo peke yake. Tofauti kati ya kituo cha juu na cha chini bado ina nguvu, kwa sababu kasoro ya jedwali huvigusa vyote viwili.

Alama ya mwani haisemi kama maji yanafaa kunywa. Mto unaweza kupata 14 huku ukiwa na vimelea vya kinyesi kutoka choo kilichofurika jana. Kwa hilo pima E. coli, na kwenye ripoti liandike ukurasa wa kwanza, maana msomaji wa kawaida akiona neno "nzuri" atachukua ndoo.